Laiti Iliyosikika Kisimani

Sogeeni karibu, na anayejiona hakimu akae mbele.

Palikuwa na majirani watatu. Chidawali alikuwa na masikio ya kusikia mchwa wakila mti. Mwaluko alijua kuchimba udongo mbovu bila kuuporomosha. Mama Sechelela alisuka kamba ambazo hazikuwahi kukatika. Wote walikuwa wazee, na hakuna hata mmoja wao aliyejaliwa mtoto.

Jirani yao Malogo alikuwa na kipaji kimoja tu, ubishi. Mkewe Nyemo, akiwa mjamzito, alimsihi asishuke kuchimba kisima kabla udongo haujakauka baada ya mvua. Akashuka. Udongo ukaporomoka, ukamfukia hadi kifuani, na mdomo wa kisima ukaziba juu yake.

Mle gizani hakuweza kugeuka wala kuinua mkono. Aliogopa. Neno lililomtoka lilikuwa moja, akalirudia na kulirudia: "Laiti ningemsikiliza Nyemo."

Mnalijua neno hilo. Halitoki mdomoni mpaka jambo liwe limekwisha kuharibika, na halirudishi kitu. Malogo alilisema tu, maana hakuwa na lingine la kufanya. Kisha akaapa kwamba atakayemtoa, mtoto ataitwa jina lake.

Chidawali alikuwa akipita na mbuzi wake. Akaisikia ile laiti na kile kiapo chini ya nyayo zake, akaita watu. Mwaluko akachimba upenyo taratibu, udongo usimwangukie aliyemo. Mama Sechelela akateremsha kamba. Kingo zikaporomoka tena Malogo akiwa ananing'inia, lakini kamba ikashika, naye akatoka.

Mtoto akazaliwa. Kwao mtoto hupewa jina moja tu, na akikua humtunza somo wake, yule mwenye jina lake, uzeeni. Siku ya jina wazee wote watatu wakaja, kila mmoja na kigoda chake.

"Bila masikio yangu mngechimba wapi?" akauliza Chidawali.

Mwaluko akasema bila jembe lake wangekaa pale wakiisikiliza sauti mpaka inyamaze. Mama Sechelela akaiweka kamba yake mlangoni, bado ina udongo.

Malogo akahisi kifua kinambana kama kule kisimani. Akimchagua mmoja, wawili watazeeka peke yao, tena mbele ya macho yake. Akamgeukia mkewe.

Nyemo akampakatisha mtoto. "Chagua mwenyewe," akamwambia. "Lakini laiti ya pili usiniletee."

Mtoto analia, na wazee wanangoja. Je, wewe ungemwita nani?