Zimwi la Chini ya Mashua

Sogeeni niwape ngano, nanyi nipeni masikio.

Mwanaesha na mdogo wake Mbwarali walikuwa ng'ambo wakichuma karafuu. Siku ilipowafikia habari kwamba mama yao ni mgonjwa sana, Mwanaesha aliiendea mashua yao akaikuta imelala matopeni, tumbo lote limeota makombe ya baharini na mwani. Mbwarali ndiye aliyepewa kuitunza, na misimu mitatu hakuigusa.

"Itaelea tu, dada," alisema, akajilaza kivulini.

Mwanaesha akashika kisu. Akakwangua mchana kutwa, makombe yakaota upya. Akakwangua tena, yakaota makubwa zaidi. Akakwangua mara ya tatu, yakafunguka kama kinywa, na humo zimwi likasema:

"Unajisumbua bure, binti. Aliyenikaribisha ni mvivu wako. Mkono wake tu ndio utakaonitoa."

Mwanaesha akamwendea nduguye, akamwinua kwa ukosi wa shati.

"Mama anakufa, nawe umelala. Shika kisu ukakwangue."

"Nitachubuka mikono, dada."

"Chubuka."

Mbwarali akakwangua hadi viganja vikatoka damu. Kila kombe lililoanguka halikurudi, na la mwisho lilipobanduka, zimwi likatokomea baharini likilia.

Walisafiri siku sita, Mwanaesha asimsemeshe. Walipofika, mama alikuwa hai. Mwanaesha akamkumbatia, akamnywesha uji, ndipo akamgeukia nduguye aliyeganda mlangoni.

"Ingia," akasema. "Mama anakuuliza."

Ngano yangu imetia nanga. Mwenye yake na atweke tanga.