Kwa Nini Garimoshi Hupiga Honi Mlegwa

Zamani hizo, reli ilipokuwa ingali mpya, garimoshi lilisimama Mlegwa kama mgeni mwenye adabu. Lilipakia viazi, likapakia na wagonjwa wa kwenda hospitali ya mjini, ndipo likashika njia. Watu wakasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli walipona.

Hiyo ilikuwa sheria ya Jumbe Mghanga na wazee wake. Nchi ni yao, njia waliitoa wao, basi apitaye na asimame. Kwa desturi ya huko sheria ya namna hiyo huliwa. Mbuzi alichinjwa, wazee wakala ini lake pamoja na meneja wa reli, na aliyelila hathubutu kuivunja. Meneja alikula akalamba na vidole. Lo, wazee wale! Hata mmoja hakuuliza kama mlaji ndiye mwenye mali.

Mwaka wa pili garimoshi likaacha kusimama. Wiki ile ile Wakio, binti pekee wa Jumbe, alishikwa na uchungu wa uzazi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wakampeleka stesheni kwa machela. Jumbe akasimama kando ya reli, akapunga shuka lake, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Garimoshi likampita. Wakio alikufa palepale, na mtoto tumboni.

Matanga yalipoisha, Jumbe alimwendea meneja.

"Ulikula ini letu," akamwambia.

"Nililila, mzee wangu, na usingizi siupati. Lakini mimi ni mtumishi tu. Wenye reli wako ng'ambo, nao wameamua kwamba kusimama kwenu ni hasara."

"Waite basi, waje nao wale."

"Hawaji. Hata reli yenyewe hawajaiona."

Jumbe alikuwa na sheria, alikuwa na wazee, alikuwa na vijana wenye mikuki. Mkuki gani unafika ng'ambo? Akalia mbele ya mtu yule bila kuficha uso.

Meneja akaona haya. "Kulisimamisha siwezi," akasema. "Kulipigisha honi naweza."

Basi mtu aliyekwenda kudai sheria ya nchi yake akarudi na honi.

Na tangu siku hiyo, garimoshi likifika Mlegwa hupiga honi ndefu, kisha huenda zake. Abiria hudhani linasalimu. Watu wa Mlegwa hawapungi mkono. Wanajua limewaona.