Michi Miwili Kinuni

Mnisamehe mapema, wajukuu zangu. Kisa hiki nakisimulia vibaya: mkia nauweka kichwani, watu wote nawapa sauti moja, na penye kicheko nakohoa. Anayekijua vizuri ni bibi yenu, naye amekataa kata kata. Basi vumilieni.

Kale ile ya mbali, milima ilipokuwa ingali laini, aliishi mtu akiitwa Shekuwe, na mkewe Mamboza, na binti yao Kidawa. Kidawa alikuwa amefikia kimo cha mama yake. Na msichana akifika kimo hicho, mnajua wenyewe, kisima husogea mbali ghafla. Anatumwa maji asubuhi, anarudi jua la utosi.

Shekuwe akanusa jambo. "Kidawa, kisimani kuna nini?"

"Kuna maji, baba."

"Na nani?"

Kidawa akainamia mtungi wake. Alikuwepo kijana, Mbaruku, mabega mapana, maneno matamu.

Shekuwe akachukua rungu. "Namvunja miguu. Na wewe hutoki tena uani."

Mamboza akamshika mkono. "Mume wangu, ukimfungia ataruka ua. Yakimfika mabaya huko, atamwambia nani? Wewe mwenye rungu?"

Shekuwe akashusha rungu. Mama akamwita binti pembeni.

"Mwanangu, unampenda?"

"Sijui, mama. Nikiwa naye nacheka. Nikirudi naogopa. Sasa anataka twende ng'ambo ya mto, pasipopita watu."

"Mwambie aje hapa, mchana, mtwange mtama. Nitakuwa jikoni. Maneno yenu sitayasikiliza, nitasikiliza michi."

Enzi hizo mchumba alikaribishwa hivyo: kinu kimoja, michi miwili. Wako unapanda, wangu unashuka. Tu-ti, tu-ti. Kila mmoja humngoja mwenzake.

Mbaruku akaja, amejipaka mafuta mpaka nzi wanateleza. Wakaanza. Tu-ti, tu-ti. Punde ikawa tu-tu-tu.

"Pole pole, nipe zamu yangu," akasema Kidawa.

"Wewe nifuate tu."

Tu-tu-tu. Mchi ukamgonga kidole.

"Nimeumia."

Mbaruku akacheka. "Utazoea. Acha kazi hii, twende zetu ng'ambo. Kama unanipenda hutakataa."

Michi ikanyamaza. Jikoni Mamboza akasimama. Ghalani Shekuwe, aliyejificha na rungu lake, akapiga chafya. Mama akampungia mkono atulie, akangoja. Wajukuu, kungoja kule kulikuwa kuzito kuliko rungu.

Kidawa akaegemeza mchi ukutani. "Siendi. Rudi kwenu, Mbaruku."

"Unanifukuza kwa ajili ya kidole?"

"Kwa ajili ya kicheko."

Mbaruku akaondoka. Kidawa akaingia jikoni, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, akalia, akasema yote, hata ya kisimani. Baba akafika mlangoni mikono mitupu.

"Mwingine akitokea," akasema, "mlete uani. Mimi nitapepeta."

Ndivyo ilivyo, wasichana wangu: anayekupenda hukupa zamu yako, na moyo ukiogopa, pa kusemea ni nyumbani. Nanyi wavulana mnaochekelea, kumbukeni michi ilikuwa miwili.

Kisa kimefika kwao, kimejilaza. Na kama katika nyumba hii wachumba watapita bila kupimwa, msimlaumu bibi wala mama zenu. Kinu cha hapa nilikipindua kikawa kigoda, na ndicho nilichokalia tangu nianze kusimulia.