Mstari wa Mwisho kwenye Ubao wa Waliotumwa

Hapo zamani, na siyo ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu ambayo watu wameshaanza kuipamba, palikuwa na mji mdogo huko kaskazini ya mbali, mji wa samaki na theluji. Karibu na bandari ya mji huo palikuwa na kanisa la mbao lililopakwa rangi nyeupe, na ndani ya kanisa, ukutani, palikuwa na ubao mweusi. Juu ya ubao liliandikwa neno moja kwa lugha ya huko, maana yake WALIOTUMWA. Chini yake majina kumi na mawili ya watu waliotoka mji ule wakapanda meli kwenda Afrika kuhubiri. Wa kwanza alikufa kwa homa mwezi wa pili tu. Wa mwisho alirudi mzee, akalalamika mpaka kufa kwamba viazi vya kwao havina ladha. Na chini ya jina la kumi na mbili ulibaki mstari mmoja mtupu. Ushikeni mstari huo, maana ndio utakaotugombanisha.

Miaka ikaenda. Mji uliotuma watu ukaacha kuja kanisani. Hawakuwa na ubaya, walizoea tu kulala Jumapili. Akabaki mtu mmoja, Bibi Gudrun, mwenye ufunguo. Mchungaji alikuwa na makanisa saba, na kwenye lile lisilo na mtu alikuwa hafiki. Bibi Gudrun ndiye aliyekuwa mtu. Miaka kumi na mmoja aliketi benchi la tatu, peke yake, koti mwilini, akiimba sauti ya pili ya nyimbo ambazo hazikuwa na mtu wa sauti ya kwanza.

Katika mji huohuo aliishi Tusekile, mwanamke wa Tukuyu, aliyekwenda kaskazini kutafuta kazi, akaipata kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuogesha, kugeuza, kulisha, kutandika. Kwa miaka sita wenyeji walimwita "yule wa shuka", naye akaitika, kwa kuwa alikuwa na haraka. Alipopita kanisani kumsaidia Bibi Gudrun kufuta vumbi, aliufuta na ule ubao. Siku moja akasoma jina la tisa kwa sauti, akalirudia. Lilikuwa jina la kilima nyuma ya nyumba ya babu yake, ila midomo ya Tukuyu ilikuwa imeshalipinda. Yaani mtu wa hapa ana kilima kule, akawaza. Na mimi hapa sina hata kitasa.

Akafa mzee mmoja wa ile nyumba. Mzee Halvard, fundi meli, mtu asiyesema sana. Msimamizi akaandika kwenye karatasi: mazishi Jumamosi, makaburini, wahudhuriaji wawili, mchungaji na dereva wa gari la maiti.

"Na majirani?" Tusekile akauliza.

"Hawakualikwa."

"Kualikwa? Msibani?"

"Mazishi ni ya waalikwa, Tusekile."

Tusekile alitoka pale akitikisa kichwa, akashika simu, akawaandikia Waswahili wote wa miji mitatu: *Jamani, tuna msiba. Mazishi ni Jumamosi saa tano, kanisa jeupe la bandarini. Mje na masufuria.*

Someni ujumbe huo vizuri, maana una makosa mawili. La kwanza ni neno "tuna". Kila aliyesoma alidhani ni mwenzao aliyekufa, kilio kikaanza kabla hata ya kuuliza jina. La pili ni "saa tano". Tusekile alimaanisha saa tano ya kwao, asubuhi jua likiwa limepanda. Lakini waliokaa kaskazini siku nyingi, na watoto wao waliozaliwa huko, walikuwa wameshaanza kusoma saa kama wenyeji, na tano ya wenyeji ni saa kumi na moja yetu, jioni.

Sasa, Jumamosi hiyohiyo kanisa lilikuwa linafungwa. Sheria ilisema kanisa lisilokusanya watu hamsini kwa pamoja, hata mara moja tu kwa mwaka, linafungwa, na mwaka wa hesabu ulikuwa unaisha siku ile. Mkaguzi alikuwa aje jioni kuchukua ufunguo. Jengo lingekuwa hoteli ya kuogea maji ya moto. Bibi Gudrun alikuwa ameshaandikiwa barua: asifungue mlango tena, hata kwa mazishi.

Asubuhi, saa tano yetu, wakafika watu thelathini na wanne. Bibi Gudrun akawatazama kutoka dirishani kwake: vitenge, masufuria, akina mama wakilia barabarani. Akaisoma ile barua tena. Kisha akavaa koti, akatoka, akafungua mlango.

Gari la maiti, ambalo Tusekile alikuwa ameliomba lipitie hapo kwanza, likashusha jeneza, likawekwa mbele ya madhabahu. Mwanamke mmoja wa Kigoma akapangusa machozi, akauliza, "Marehemu ni nani, dada Tuse?"

"Mzee Halvard."

"Halvard wa wapi?"

"Wa hapa."

"Mzungu?"

"Ndiyo."

Hata waliokuwa wakilia walisita, hawakujua wayafanyeje yale machozi.

"Dada Tuse, umeandika tuna msiba!"

"Kwani huu si msiba?"

"Wa kwao! Mimi nimelala na harufu ya kitunguu mikononi kwa ajili ya mzungu asiyenijua?"

Watu wakaanza kuinua masufuria. Na wapo waliotaka kuondoka kwa sababu nyingine: walikuwa wa makanisa tofauti, na hawakuwa wamesalimiana tangu walipogombania kipaza sauti kwenye harusi moja.

Ndipo akasimama Papa Bisimwa. Huyu alikuwa mtu wa Bukavu. Vita vilimfukuza kwao, akakaa kambini miaka kumi na mitatu, kisha akaletwa kaskazini, akawa mkata samaki kiwandani. Siku ile alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu. Mnyapara alimwambia: saa saba mchana usipokuwa kwenye meza yako, usirudi.

"Bandugu," akasema, "kule kambini tulizika batu hatukujua hata majina yabo. Huyu tuko na jina yake. Nani anabeba kichwa, nani anabeba miguu?"

Akaanza wimbo. Wimbo wa msiba wa kwao, ule unaoanza chini kama mtu anayejikokota, kisha unapanda. Masufuria yakarudi chini. Bibi Gudrun, benchi la tatu, maneno hakuyajua hata moja, lakini sauti ya pili aliikuta palepale ilipo siku zote. Akaiimba.

Wakazika. Kengele ikalia. Wakarudi kanisani kula. Wengi walitaka kwenda zao, lakini Papa Bisimwa alikaa mlangoni, akawaambia kila aliyeinuka, "Unazika mutu halafu unakimbia? Kaa. Maiti haijapoa na wewe uko na haraka ya nini?" Saa saba ikafika, akaitazama, akaiacha ipite. Kazi ikaenda nayo. Wakakaa wakiimba, wakisimuliana, na kufikia saa kumi wale wa kipaza sauti walikuwa wanapokezana chumvi.

Saa kumi na moja jioni, jua la huko likiwa bado jeupe, gari la mkaguzi likasimama nje. Bibi Gudrun akaliona. Akautoa ufunguo mfukoni, akautazama, akautumbukiza ndani ya sufuria la pilau, akakoroga.

"Ufunguo, Bi Gudrun," akasema mkaguzi.

"Kwanza hesabu."

Akahesabu. Thelathini na wanne, na Bibi Gudrun thelathini na watano. Akafunga kitabu. "Ni wazuri," akasema, "lakini ni thelathini na watano."

Hapo, nje: "Hodi! Hodi hapa!"

Walikuwa wale wa tano ya wenyeji. Watu ishirini na tisa, nguo nyeusi, masufuria vichwani, kilio kimewajaa kooni, hawajui kwamba marehemu ameshazikwa na kwamba si wa kwao. Wakaingia kwa mkumbo. Mkaguzi akasukumwa mpaka benchi la tatu. Akahesabu upya, akahesabu tena, mara ya tatu akahesabu kwa kuwagusa mabega. Sitini na wanne.

"Ni sharti waandike majina," akasema.

Wakaandika. Kitabu kilikuwa na nafasi nyembamba, za watu wenye majina mafupi. Bisimwa peke yake alijaza mistari miwili, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: MKATOLIKI LAKINI NIPO.

Mkaguzi akapewa sahani, maana huwezi kumhesabu mtu halafu ukaondoka bila kula kwake. Akala. Kijiko cha nne kikagonga chuma. Akauchomoa ufunguo, mweusi, wenye harufu ya bizari, akautazama muda mrefu. Kisha akaupangusa kwa kitambaa chake, akamrudishia Bibi Gudrun, na kanisa zima likapiga vigelegele mpaka ndege wa baharini wakaruka kutoka paani.

Ndivyo kanisa lilivyofufuka, na halijafa tena. Wenyeji walianza kuja kwa ajili ya pilau. Baadaye wakaja kwa ajili ya nyimbo. Wengine wakabaki kwa sababu ambazo mtu haulizwi. Mwaka wa pili wakabatizwa watoto kumi na wawili, weupe kwa weusi. Mwaka wa tatu kanisa likatuma watu kwenda miji mitatu ya jirani, makanisa matatu yaliyokuwa na kufuli yakafunguliwa, na mwenye kufungua alikuwa Papa Bisimwa, ambaye sasa alifanya kazi hiyo badala ya samaki. Mji uliowahi kutuma, ukatuma tena.

Mwaka wa nne, sikukuu ya Pentekoste, baraza la kanisa likasema: basi, mstari wa mwisho uandikwe. Fundi akapanda ngazi, brashi imeshachovywa kwenye rangi nyeupe. Kanisa limejaa. Yule mkaguzi, aliyekuwa sasa mjumbe wa baraza, akauliza swali la kikaguzi: "Ubao unasema waliotumwa. Ni nani hapa alitumwa?"

Tusekile akainuka. Kwao angetarajiwa kusema hapana, jamani, mimi ni nani, waandikeni wengine, huku akiomba Mungu wakatae. Hakusema hivyo.

"Sizunguki. Nautaka mstari huo. Mimi ndiye niliyewaita. Bila ujumbe wangu Halvard angezikwa na dereva, na leo humu ndani watu wangekuwa wanaoga."

"Mama Tuse," akasema Papa Bisimwa, "weye ulikosea mara mbili. Tangu lini makosa inaandikwa ukutani? Ulibaita, sawa. Lakini balikuwa banaondoka! Nani alibashika? Nani alipoteza kazi? Weye kesho yake ulirudi kazini na mushahara yako."

Watu wakacheka. Tusekile naye akacheka, kwa kuwa ni kweli.

Bibi Gudrun hakusimama. Kiswahili chake kilikuwa cha miaka minne, chenye chumvi nyingi na sarufi kidogo. "Wewe kuita. Yeye kuimba. Vizuri sana. Wapi? Barabarani? Mimi kufungua. Mimi kukaa miaka kumi na moja, baridi, peke yangu. Nyinyi kukuta moto. Nani kulinda kaa la moto?"

"Lakini wewe hukutumwa popote, bibi," akasema mkaguzi. "Tena ulikatazwa, kwa barua. Niliiandika mimi."

"Ndiyo. Barua mbaya."

"Na Bisimwa hakutumwa, alifukuzwa na vita. Na Tusekile alifuata kazi. Kwa hiyo hakuna."

Na hapo Tusekile alijua kwamba ana neno moja mfukoni. Alikuwa nalo peke yake, maana chumbani siku ile walikuwa wawili, na wa pili alikuwa chini ya udongo. Akilisema nusu, mstari ni wake. Akilisema lote, hajui ni wa nani. Akautazama ubao. Akalitazama jina la tisa, lenye kilima.

"Mimi nilitumwa," akasema. "Asubuhi aliyokufa, Mzee Halvard alinishika mkono akaniambia: nizikwe kutoka kanisani kwetu, kengele ilie. Waambie watu wetu waje."

Vifijo vikaanza. Fundi akainua brashi.

"Subiri," akasema Tusekile. "Sijamaliza. Alikuwa na wana wawili ng'ambo, nami nilikuwa najua. Nadhani aliposema 'watu wetu' alimaanisha hao. Nikawapigia, hawakupokea. Ndipo nikawaandikia ninyi. Nilichukua neno lake nikalipeleka kwa watu wengine."

"Basi mwenye mstari ni Halvard," akasema mkaguzi. "Bila ombi lake pasingekuwa na jeneza humu, wala wimbo, wala pilau."

"Halvard alituma," akasema Papa Bisimwa. "Ubao haisemi waliotuma. Na kama Mama Tuse alitumwa na Halvard, miye nilitumwa na Mama Tuse. Ujumbe niko nayo hapa, kwenye simu. Soma: *mje*."

"Na mimi," akasema Bibi Gudrun, "hakuna mtu kunituma. Mimi kutumwa na mlango."

Fundi yuko juu ya ngazi. Rangi inamdondokea kwenye kiatu. Mstari ni mmoja na unaingia jina moja, kwa hiyo ninyi mnaotaka kuniambia waandikwe wote, kaeni chini, hilo ni jibu la watu wanaoogopa kuulizwa. Yupo aliyeita kwa makosa akasema kweli yote. Yupo aliyewashika watu akapoteza kazi. Yupo aliyefungua mlango aliokatazwa. Na yupo aliyekufa.

Haya, mpeni fundi jina kabla brashi haijakauka: kati ya hao wanne, nani alitumwa?