Ngiri Aliyekwenda Kuposa na Opali Usoni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hiyo ni sauti ya walioshiba au ya waliofunga? Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, kabla hata mimi sijaota kipara, alikuwako Ngiri. Huyo Ngiri alikuwa na sura mbaya. Msinitazame mimi, namsema Ngiri. Pembe mdomoni, vinundu mashavuni, nywele za mgongoni zimesimama kama fagio kuukuu. Ngiri akampenda Mwamize, ngiri jike wa ng'ambo ya korongo. Mwamize naye akamwambia, "Njoo kwetu unipose, mama anataka kukuona."

Ngiri akaogopa. Akasema, "Mama mtu akiiona sura hii, nimekosa mke."

Siku moja alikuwa anakula. Ngiri hula amepiga magoti, mnajua. Akachimba, kwaru, kwaru, kwaru. Kwenye ufa wa mwamba, ndani ya udongo mbichi, akaona jiwe. Jiwe la opali, lile lenye rangi zote tumboni. Akainamisha kichwa kushoto, likawaka nyekundu. Akainamisha kulia, likawa kijani. Shingo yenyewe fupi, lakini aliizungusha mpaka ikamuuma.

Nyani akapita. "Bwana Ngiri, jiwe hilo lilianguka kutoka mbinguni pamoja na radi. Ukilivaa, hakuna atakayeiona sura yako."

"Hata mama mkwe?"

"Mama mkwe ndiye wa kwanza kutoiona."

Nyani akalifunga jiwe kwa kamba ya majani kwenye paji la uso wa Ngiri.

Chura akatoa kichwa topeni. "Kwo, kwo. Kaka Ngiri, radi wapi? Hayo ni maji. Yaliingia kwenye ufa na chembe za mawe, yakakaa humo miaka na miaka, chembe zikajipanga polepole zikawa jiwe. Maji mengine bado yamo ndani. Usilianike juani, litapasuka."

"Chura, wewe na macho hayo utanifundisha urembo?"

Basi Ngiri akaacha kugaagaa topeni, maana tope lingelifunika jiwe. Mchana kutwa alikaa juu ya kichuguu, juani, ili aonekane. Ngozi ikamkauka, ikamwasha, kupe wakamjaa. Mwamize akaja. "Umeamkaje, Ngiri?"

"Simama hapo. Hapana, sogea huku. Umeiona nyekundu?"

Mwamize akarudi kwao. Kesho yake vilevile, sogea huku, sogea kule. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ngiri hata kusifiwa hakusifiwa, alijisifu mwenyewe.

Siku ya posa ikafika. Mwamize akamwambia mama yake, "Leo akiniambia tena nisogee, simtaki."

Jua lilikuwa kali. Ngiri akaingia uani kwa ubavu, kama kaa, ili rangi zote zionekane. Akafungua mdomo. "Mwamize, so..."

Ta!

Jiwe likapasuka. Rangi zikaondoka zote, likabaki jeupe kama chokaa. Ngiri akaona haya mpaka kwatoni. Alitamani kuingia shimoni kinyumenyume, lakini ukweni hakukimbiwi hivyo. Akapiga magoti.

"Mama, nilikuwa na sura mbaya. Sasa nina sura mbaya, kokoto na kupe. Mwamize, nisamehe. Tangu niokote kitu hiki sijakujulia hali. Umeamkaje?"

Mwamize akacheka mpaka akakaa chini. "Nimeamka salama. Ila unanuka, Ngiri."

Mama mtu hakucheka. Akamsogelea uso kwa uso. Vinundu vilevile, pembe zilezile. "Baba, hebu nitazame. Sura unayoificha ndiyo yangu, ndiyo ya mwanangu, ndiyo ya wajukuu ninaowangoja. Nani kakwambia ni mbaya?"

Ngiri akaivua ile kamba usoni. Mama mtu akaendelea,

"Nenda topeni ukaoge. Ukirudi tutazungumza."

Funzo lake ni hili: anayeionea haya sura yake huwatukana wote wanaofanana naye. Na akupendaye hataki umng'arishe macho, anataka umjulie hali.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chachu, mlaumuni msimulizi, Ngiri wa watu muacheni aoge.