Fisi Aliyetaka Kupikwa na Mlima

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sahani!"

"Ya mchele!"

Mchele gani? Leo sahani ina mawe. Asiye na meno asogee nyuma!

Hapo kale Bi Pimbi aliishi na wanawe kwenye nyufa za mlima wa moto. Asubuhi moja Fisi akaja, akaketi mlangoni, mate yakimtoka churuzi, churuzi.

"Toa watoto, nile!"

Moyo wa Bi Pimbi ukamdunda, du! du! du! Wale watoto ndio roho yake. Lakini akajikaza, akacheka.

"Kwa meno hayo, mjomba? Masikini! Ungepikwa na mlima, ungetafuna hata tembo na pembe zake."

Ulafi ukamwasha Fisi. "Kwani mlima unapika?"

"Ala! Hujui? Jiwe hili jeusi liliyeyuka huko chini, likawa uji wa moto, likamwagika, likapoa, likawa gumu. Na marumaru hii ilikuwa jiwe la chokaa tu. Ikalemewa na mlima, ikaokwa. Haikuyeyuka, iligeuka. Itazame inavyong'aa! Haya, mjomba, uyeyuke au ugeuke?"

"Niyeyuke? Thubutu! Nigeuze."

Palikuwa na bamba zito la jiwe, limeshikiliwa na kijiwe, na chini yake mvuke wa mlima ukitoka, fusss!

"Ingia kinyumenyume, mjomba."

Fisi akaingiza matako. Bi Pimbi akakipiga teke kijiwe. Pu! Bamba likamkalia.

"Tayari?"

"Bado, mjomba. Uzito hautoshi."

Akaita wanawe, akaita shangazi zao, akaita ukoo mzima. Wakapanda juu ya bamba kuota jua, kama ilivyo desturi ya pimbi kila asubuhi.

"Tayari?"

"Bado, mjomba. Jiwe si chai! Marumaru ilianza kuokwa babu wa babu yako hajazaliwa."

Mvuke ukazidi, fussssss!

"Naungua! Mama weee, naungua!"

"Vumilia, ndiyo kugeuka huko!"

Fisi akajivuta, akajivuta, akachomoka, huyooo! Kujitazama, mabega juu, matako chini. Meno ni yale yale. Kweli hakuyeyuka, aligeuka tu, na mlimani pale hajarudi tena. Bi Pimbi akawakumbatia wanawe mmoja mmoja, akapiga vigelegele mpaka mlima ukaitikia.

Hadithi yangu imepoa, imekuwa jiwe. Uzuri wake chukueni, ubaya nirushieni, ila si kichwani.

Na funzo ni hili: watoto, msimdanganye mkubwa wenu kamwe. Akija kula wadogo zenu, muulizeni kwa adabu kama atapenda na pilipili.