Kitenge cha Mtunza Picha

Simu yako ikijaa, unafuta picha ya nani kwanza?

Usiwe na haraka, fikiri. Hospitali moja ya kusini ilikuwa na watu watatu maabarani. Osmunda alijua kukata kipande cha uvimbe chembamba kuliko ganda la kitunguu, akakilaza kwenye kioo na kukipiga picha kwa mashine. Gaudensi alijua kupanga. Festo alijua mambo ya mtandao. Picha moja ya namna hiyo hula nafasi kama filamu nzima ya harusi, lakini walitunza nakala tatu: Osmunda kwenye kompyuta kubwa, Gaudensi kwenye diski za kabatini, Festo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hata kioo chenye kipande cha Bi Adelina, aliyetolewa uvimbe wa titi, kilipopasuka idara ikihama jengo, hakuna aliyeshtuka.

Kompyuta ikajaa, na wagonjwa wapya wako kwenye benchi. Osmunda akafuta picha za zamani. Gaudensi anazo.

Wodi ya watoto ikaomba diski. Gaudensi hakuwa na moyo wa kuwanyima. Akasafisha moja ya zamani. Festo anazo.

Hifadhi ya mtandaoni ikafurika, picha za mgonjwa wa dharura zikakataa kupakiwa. Festo akafuta za zamani. Osmunda anazo.

Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Walikuwa wasomi, na kuuliza kunashusha hadhi.

Kisha pafu la Bi Adelina likaota uvimbe. Ni ugonjwa ule wa titi, au mwingine? Dawa zake ni tofauti.

"Nipeni picha ya kwanza nilinganishe," daktari akasema.

"Mfumo unasumbua, daktari," wakajibu wote watatu.

Daktari akakisia. Akakosea.

Baada ya matanga, Eusebia, binti wa marehemu, alikuja na kitenge kipya.

"Mama alikuwa akisema picha yake ina mwenyewe wa kuitunza. Kaniachia hiki, nimpe anayemtunzia. Ni nani kati yenu?"

Festo akakohoa. "Unajua, dada, mfumo..."

"Mfumo hauvai kitenge, kaka."

Osmunda akavua miwani. "Nilifuta mimi, mwanangu."

"Na mimi," Gaudensi akaiambia sakafu.

Festo akaacha kukohoa. "Ya mwisho ilikuwa yangu," akasema. "Nikaifuta."

Eusebia akaweka kitenge mezani, akatoka. Kiko pale mpaka leo. Haya, wewe uliyetaka kujibu upesi: kichukue, umpe nani?